Mkoba wa Hina

Sangwa alishika kipaza sauti kabla hajakaribishwa.

Ukumbi ule wa Kabeza ulikuwa umejaa. Kuta zote zilikuwa na picha za mpiga picha marehemu Ilyasi: wanawake wa Kiislamu siku za harusi zao, vichwa wazi, hina mbichi mikononi, wanacheka kama watu walio peke yao. Vijana walipanga foleni kujipiga selfi mbele yao.

Zamani picha hizo zililala chini ya magodoro. Mume angeziona, angevunja kamera. Watu wa heshima walikwenda Gatsata, studio ya Sangwa, wakasimama wima mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, midomo imefungwa. Leo pazia lile linafunika magunia ya mkaa, na wajukuu wa wateja wale wanamwita Ilyasi jasiri.

Hilo ndilo lililomnyima Sangwa usingizi. Enzi zile, kila harusi alimchunga mwenzake ili amfume akiingia kwa wanawake. Hakumfuma hata mara moja. Ilyasi alikaa nje na wanaume, anakula pilau, anataniana na wazee, huku mkewe Kanyange akienda ndani kumpamba bibi harusi. Lazima palikuwa na dirisha la nyuma, Sangwa alijiambia.

"Nina swali moja tu," alisema sasa. "Mwanaume alifikaje kwa wanawake waliovua mitandio? Aliitwa, au alichungulia?"

Mzee mmoja alianza kumuuliza mkewe kwa sauti ya chini ni yupi yeye pale ukutani. Mwingine alisema picha zishushwe, na kaburi la Ilyasi lisisomewe dua tena. Umutoni, binti aliyeandaa maonyesho, alinyoosha mkono kuishusha picha ya kwanza.

Kanyange alikuwa safu ya mbele, tasbihi mkononi, mkoba wake wa hina mapajani. Bado anabeba kitu kile, Sangwa aliwaza, mjane asiye na wa kumpamba. Alimwonea huruma kidogo. Furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Ndipo bibi Gahongayire akainuka kwa mkongojo. Yeye ndiye bibi harusi wa picha kubwa kuliko zote.

"Sangwa, wivu iko inakula wewe toka ujana," alisema. "Umutoni, mwanangu, acha picha hapo. Toa wanaume nje kwanza, kama siku ile. Huyu mzee awe wa kwanza."

Walitoka wakinung'unika. Sangwa alikokota miguu, akageuka mlangoni.

Gahongayire alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti, mkono kwenye pini ya mtandio, akingoja mlango ufungwe. "Haya, dada yangu," alisema. "Tuko tayari."

Kanyange aliweka tasbihi chini, akafungua mkoba wa hina, akatoa kamera.