Maumivu ya Kuazima

Jumanne na Alhamisi huwa nakwenda chuo cha uuguzi kuumwa. Wananibandika plasta shingoni, na maumivu ya mgonjwa wa kweli, aliyelazwa mahali nisipopajua, yanaingia mwilini mwangu mazima mazima. Wanafunzi wananibonyeza, wananihoji, wanakisia ugonjwa. Saa kumi wananibandua, yanakatika, narudi nyumbani.

Alhamisi hii nilibeba figo ya mtu. Waliponibandua, figo ikatulia, lakini goti likabaki linauma. Nikaingiwa na hofu. Maumivu ya mwenzio yakikugandia hayana dawa, maana ugonjwa wenyewe uko kwake.

"Leo umerudi na ya nani?" Bupe, mke wangu, akaniuliza mlangoni, kama mtu anayeuliza habari za mgeni.

"Sijui, mama. Goti."

"La kushoto?"

"Hilo hilo."

Akacheka, akakimbilia uani kuanua nguo. "Si lako hilo, mzee, la tangu ulipoanguka kwenye lori Tunduma? Miaka thelathini likiuma naanua nguo! Umezidi kuazima, hata vyako huvijui."

Alikuwa bado na shuka la mwisho mikononi mvua ilipopiga bati. Nikakaa mkekani nikilisugua goti, nacheka peke yangu kama mwehu. Langu! Langu kabisa!

Kisha nikamkumbuka yule mwenye figo. Saa kumi ilipofika, yeye hakuna aliyembandua.