Mtihani wa Paja la Kuku

Paja la tatu la kuku lilisimama wima kwenye sahani, likayumba, kisha likalala chali. Mtafiti akalitupa kwenye ndoo pamoja na wenzake wawili, akakoroga rojo likawa zito kidogo, akabonyeza kitufe tena.

Mashine ilikuwa ya maabara. Kazi yake ni kuchapa chakula cha wagonjwa wasioweza kutafuna wala kumeza vizuri: nyama iliyopikwa na kusagwa hupangwa tabaka juu ya tabaka hadi irudie sura ya nyama, mgonjwa asichoke kutazama uji kila siku. Leo alikuwa ameiazima na kuificha jikoni kwake nyuma ya pazia, kwa sababu saa saba mama wa mchumba wake angekuja kula.

Na mama huyo si mtu wa kuchezea. Marehemu mumewe hakujua hata kuchemsha maji, naye aliapa kwamba binti yake hataolewa na mwanamume wa namna ile. Yeye mwenyewe akipikia harusi hujifungia jikoni peke yake, hata bintiye haruhusiwi kuchungulia, na saa sita hutoka na chakula cha watu mia tatu, uso mkavu, kilemba hakijapinda. Mtafiti wa watu hata yai lilikuwa likimuungulia. Lakini alimpenda binti yule hadi usingizi ukamhama.

Paja la nne likakubali. Akalipaka mafuta, akalibabua kwa moto, akachomeka mfupa aliochapiwa na mwenzake wa maabara, ambaye shughuli yake ni mifupa ya taya kwa waliopata ajali.

Mama akaja, akaitikia shikamoo, akanawa. Akatafuna polepole, macho kwenye dari. Mchumba akamkanyaga mtafiti mguu chini ya meza, na wote wawili wakasahau kula.

Halafu mama akauchomoa mfupa. Akausogeza penye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha juu yake taratibu, kama mtu anayehesabu mistari. Mtafiti akajua yamemkuta.

Mama akamtuma binti jikoni akalete maji. Mlango ulipofungwa tu, mtafiti akaanza kujitetea: kwamba nia yake ni njema, kwamba kupika atajifunza, hata kesho yuko tayari kuanza.

"Mama, nisamehe," akasema mwishowe. "Sikupika. Nimechapa."

"Najua. Sema polepole, mwenzako asisikie."

Mama akavuta kiti karibu, akautazama mlango, akashusha sauti.

"Mkwe wangu, mashine yangu mfupa haiuwezi kabisa. Yako ni ya aina gani?"