Nyaya Nne za Modemu

"Usiwashe!" Tamou alimdaka mumewe mkono, kidole kikiwa juu ya kitufe cha laptopu ndogo.

Mumewe alikuwa ameshalehemu modemu ya intaneti ndani yake, kwa nyaya nne nyembamba kama zafarani. Ilipokuwa nje, paka wao aliing'oa kila siku, na leo binti yao huko Lyon alitaka kuwaona kabla hajapasuliwa kujifungua.

"Umepima?"

"Nipime nini, Lalla, bibie wangu? Waya mwekundu ni moto, mweusi ni ardhi. Tangu enzi za redio!"

"Nyaya hizi umezikata kwenye kebo ya nini?"

"Ya ile taa ya USB tuliyonunua sokoni."

Tamou akachomeka kipande cha kebo kilichobaki kwenye chaja, akagusisha mita ya umeme kwenye nyaya zake. Mbele ya namba ikatokea alama ya kutoa. Rangi zilikuwa zimegeuzwa: nyekundu ndiyo ardhi. Angewasha, mashine ingeungua.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Nguo nyekundu, moyo mweusi."

"Waya wangu," mumewe akajibu, akaketi.

Simu yao ya vibonyezo ikalia, ujumbe wa binti yao. "Mama, mko wapi? Machela imeletwa."

Tamou akachomoa betri. Mumewe akainua chuma cha kulehemu, lakini ncha ilicheza juu ya ubao wa mashine, haikutua.

"Mikono imegoma, Tamou."

Miaka yote Tamou alikuwa akimpokeza mumewe vifaa tu. Akafuta jasho la kiganja kwenye kaftani, akamnyang'anya chuma.

"Wewe nimulikie, na usiniseme," akasema, akagusisha ncha kwenye waya mwekundu, na moshi mwembamba ukapanda.