Vumbi la Namba Nne

Paneli namba nne ilikuwa inang'aa, na hilo lilimshtua msichana. Haikutakiwa kung'aa.

Katika kituo kile cha utafiti wa umeme wa jua, paneli tatu za kwanza alizisafisha mwenyewe kila Jumatatu. Ya nne ilipaswa kukaa miezi mitatu bila kuguswa, ijulikane vumbi hula umeme kiasi gani. Kaka yake hakuchoka kumcheka: "Wenzako wanazalisha umeme, wewe unapewa posho ulinde vumbi!"

Sasa vumbi lilikuwa linaibwa.

Hakuhitaji mganga kumwonyesha mwizi. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo walikuwa wawili, yeye na Mrefu, na mmoja tu ndiye angebakizwa kituoni. Mrefu alikuwa na ufunguo wa paa, zilipokaa paneli. Mrefu alifika mapema kila siku.

Mama wa usafi naye alipanda huko na ufagio wake, lakini huyo alionywa siku ya kwanza: asiguse paneli yoyote bila maandishi. Na kwa kushika amri, hakuwa na mpinzani. Hata kikombe kichafu cha mhandisi alikizunguka mpaka aambiwe akiondoe.

Halafu kulikuwa na suala la kikaratasi. Kipima joto namba nne kilikuwa kimeharibika, kinadai paa lina nyuzi mia tisa. Msichana alimwandikia Mrefu kikaratasi, akakibandika kwenye mlango wa paa, mahali Mrefu anapopita kila akifika, kumwagiza aziondoe takwimu hizo za uongo kwenye kompyuta kila siku. Wiki mbili zikapita, takwimu zimo vilevile.

"Nilikuandikia," alimwambia.

"Dada, mimi sijaona karatasi yoyote."

"Imeliwa na upepo?"

"Muulize upepo." Mrefu akacheka.

Kicheko kile kilimtosha. Anayekana kikaratasi mchana kweupe atashindwa kukana kitambaa chenye maji?

Akaenda kwa mhandisi, msimamizi wao, na grafu mkononi. Mstari wa paneli chafu ulikuwa umelalia juu ya mstari wa paneli safi, kama pacha. Mhandisi alishusha miwani.

"Una hakika ni yeye?"

"Kama jua lile, mhandisi."

Saa sita Mrefu alivua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani. Hakugombana. "Sasa mama yangu nitamwambia nini?" aliuliza bila kumtazama mtu, akashuka ngazi, hatua zake ndefu zikisikika mpaka chini.

Msichana alipanda paani kupumua. Alikuwa ameshinda.

Mama wa usafi alikuwa huko akianua vitambaa vyake. Uso ukamchangamka.

"Afadhali umekuja, mwanangu! Kesho naanza likizo. Ile kazi yako namwachia nani?"

"Kazi gani, mama?"

"Si hii?" Akaionyesha paneli namba nne. "Nimeifanya kila siku, sijaruka hata moja. Na ruhusa yangu ninayo, wasije wakanisema."

Akachomoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa vizuri, akakifungua kwa vidole viwili. Mwandiko ulikuwa wa msichana mwenyewe: *Namba nne ifutwe kila asubuhi. Usisahau. Asante.*