Nywele za Wino

"Shusha zaidi," Bernadi alisema, macho kayafumba. "Mstari uje mpaka hapa."

Loveth aliinua sindano. Alikuwa binti mgeni pale Mbinga, aliyekuja na mashine ya kuchora nyusi, na wateja wake wote walikuwa wanawake. Huyu ndiye mwanamume wa kwanza kukalia kiti chake, tena si mtu wa kubahatisha: wakala wa wanunuzi binafsi wa kahawa, msomaji wa masomo kanisani, baba wa watoto wanne, na upara umeshamla pande zote mbili za paji la uso.

"Anko, hii haitoki kwa sabuni. Nikishachora, nimechora."

"Chora."

Loveth aliitazama tena picha ndogo aliyopewa kama mfano. Kijana alikuwa anacheka, nywele zimemshukia karibu na nyusi.

"Ulikuwa kijana wa haja," alisema.

Bernadi alifumba macho tena. Sindano ikaanza tena, nukta baada ya nukta, kama nywele zilizonyolewa jana. Jasho lilimtiririka, wala si kwa maumivu. Upande wa pili wa pazia wanawake walikuwa wanasukwa, na sauti moja kati ya zile aliifahamu. Aliomba moyoni pazia lisifunuliwe. Likafunuliwa.

"Shemeji Bernadi!" Alikuwa Mama Serafina, wa jumuiya yao. "Ni wewe kweli? Vitalia anajua uko huku?"

Alitamani ardhi impasukie. Alikuwa amemuaga mkewe kwamba anakwenda kutazama kahawa ya watu. Akatikisa kichwa tu, na Mama Serafina akarudisha pazia taratibu, kama mtu anayefunika chungu ili kisipoe. Punde kicheko kikazunguka saluni nzima.

Loveth aliinama, akanong'ona. "Sema kweli, anko. Kuna mtoto wa watu unamfuata?"

"Kuna mwanamke kule Ngumbo, ziwani," Bernadi alijibu polepole. "Sitaki anione nilivyo."

Alipopewa kioo, alikisogeza karibu. Uso uliomtazama humo hakuwa ameuona miaka mingi. Akavuta kofia mpaka kwenye nyusi na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Kwenye gari la kushuka ziwani hakuthubutu kuivua, ingawa paji lilimwaka kama limepakwa pilipili. Mashamba ya kahawa yakaisha, ya mihogo yakaanza, joto likapanda. Jirani yake alimwuliza kama anaumwa kichwa. Akasema ndiyo. Ziwa lilipotokea kule chini, yeye aligeukia upande wa milima.

Pale Ngumbo dada yake Lidia alimpokea uani, akatazama kushoto na kulia.

"Vua, kaka."

Akavua. Lidia akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Yesu wangu! Kilian mtupu."

Kilian alikuwa kaka yao mkubwa. Asubuhi aliyokufa, zamu ya kwenda kwenye nyavu ilikuwa ya Bernadi. Bernadi alijisingizia homa, akajifunika shuka, na Kilian akachukua kasia badala yake. Dhoruba ilimkuta mbali. Mama yao hakumlaumu Bernadi hata kwa neno moja, na kunyamaza kule ndiko kulikomshinda. Alihamia milimani, akaoa huko, akazeekea huko.

Sasa mama alikuwa kitandani. Macho yake yalikuwa na ukungu, na akili ilikuwa inakwenda na kurudi. Tangu mvua zianze alikuwa akiita jina moja tu, alfajiri mpaka jioni: Kilian. Aliyemwambia Kilian amekufa alimliza upya, kana kwamba msiba umeingia leo, na kesho yake akaanza tena kuita. Lidia alipokuwa akimsimulia Bernadi haya kwenye simu alisema, kwa utani wa mtu aliyechoka, "Na mnavyofanana! Ni huo upara wako tu." Bernadi aliposhusha simu, akaitafuta picha ya zamani ya Kilian.

Sasa Lidia alikuwa ameshika kofia, hajui aiweke wapi.

"Kumdanganya mama anayekufa," alisema. "Dhambi hii nani ataibeba?"

"Mimi. Nimezoea."

Akainama mlangoni na kuingia. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kumwambia kwa kinywa cha Kilian: kwamba hakuteseka, kwamba maji hayakuwa baridi, kwamba hana kinyongo na mtu. Alipiga magoti kando ya kitanda, uso akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha ili mama aone vizuri. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Hata hivyo hakugeuka.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha uso wake wote ukafunguka, kama alivyokuwa akifunguka zamani, wao wakiwa watoto.

"Kilian."

"Naam, mama."

"Siku zote hizi nakuita, huji."

"Nimekuja, mama. Ulikuwa unataka nini?"

Mkono mkavu ulimtafuta, ukamshika, ukamvuta karibu.

"Mdogo wako yuko huko milimani peke yake na mawazo yake. Akija hapa, hata kunitazama hawezi. Wewe ndiye anayekusikiliza. Nenda, mwanangu, upesi, kabla sijaondoka. Kaniitie Bernadi."