Cheti Kikubwa cha Patasi

Teke la pili lilipindua kiti, na Patasi akaenda chini nacho, maana alikuwa amefungwa kwenye kiti hicho mikono na miguu. Shavu lilitua sakafuni, penye mafuta machafu ya injini. Alitema damu, na jino likatoka pamoja nayo.

"Mwinue," alisema Mzee.

Dobi alimwinua. Dobi hakuwahi kufua nguo ya mtu. Aliitwa hivyo kwa sababu ndiye aliyesafisha sakafu ya gereji wenzake wakishamaliza kazi. Siku hiyo alikuwa amejaza ndoo maji mapema, na Patasi alipoiona mlangoni alijua hakuitwa kunywa soda.

Kazi yao ilikuwa kuhamisha watu. Tajiri akitaka wapangaji watoke, nao wakagoma, alimpigia simu Mzee, na Mzee alimtuma Patasi na vijana wenye marungu. Patasi alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kisha siku moja mkewe, akifua suruali yake, alikuta jino la mtu kwenye pindo. Hakupiga kelele. Aliliweka kwenye sahani tupu, akamwandalia mumewe mezani.

"Chagua," alisema. "Kazi hiyo, au mimi na wanao."

Patasi alichagua. Shemeji yake, msimamizi katika kampuni ya ujenzi, alimwambia kwamba mwenye cheti cha usimamizi wa miradi hakosi pa kuanzia, hata kama ametoka kwenye kazi nyingine kabisa. Vyeti vilikuwa viwili. Kile kidogo, unakaa darasani, unafanya mtihani, basi. Kikubwa, mbali na mtihani, kilitaka uthibitishe kwamba umeongoza miradi kwa miaka kadhaa, na mkubwa wako wa kazi akushuhudie.

"Anza na hicho kidogo, shemeji," aliambiwa. Mkewe naye akasema hivyo hivyo.

Lakini Patasi alijipima akajiona hana mfano. Nani ameongoza vijana wagumu kama wale, kwa tarehe, kwa bajeti, bila kuchelewa hata mara moja? Tamaa mbele, mauti nyuma: akaomba kikubwa. Kubomoa nyumba za bondeni watu wakiwa ndani, alikuita mradi wa kuhamisha wakazi. Kuwatoa wafanyakazi waliojifungia ghalani, kazi iliyovunja miguu ya watu na kumpofusha mmoja, alikuita mradi wa kurejesha ghala. Alipoulizwa mkubwa wake ni nani, alitoa namba ya Mzee, kwa kuwa hakuwa na mkubwa mwingine. Hakuwaza kwamba watu wa vyeti hupiga simu kweli.

Walipiga.

"Mama mmoja mwenye sauti ya upole," Mzee alisema, akavuta stuli na kuketi mbele yake. "Ananiuliza kama ni kweli huyu bwana ndiye aliyeongoza ile kazi ya ghala, mwanzo mpaka mwisho. Nikamkatia simu. Nimeona aibu mchana kutwa."

"Nisamehe, Mzee. Sikuwauzia siri yoyote. Hata jina la tajiri sikulitaja."

"Nimekuuliza habari za tajiri?"

Ngumi ilimwingia mbavuni, na kitu kikalia humo ndani kama ukuni mkavu. Patasi aliitafuta pumzi, hakuiona.

"Huyu anatumiwa na polisi tu," Dobi alisema kutoka mlangoni. "Tummalize, Mzee, mimi nina sakafu ya kuosha."

"Wewe nyamaza." Mzee alimshika Patasi nywele, akamwinua uso. "Kwa nini hukuchukua kile kidogo? Kile hakina mambo ya simu."

"Nilitaka kikubwa."

"Ulitaka kuondoka."

Kukana kusingesaidia. Patasi alimkumbuka Mrefu, aliyewaaga wenzake mwaka uliopita kwamba anakwenda kufungua duka. Mrefu sasa anatembelea magongo, na duka hana.

"Ndiyo," alisema. "Nimechoka, Mzee. Nataka wanangu wanikimbilie nikirudi nyumbani. Siku hizi wananikimbia." Akaanza kulia mbele ya Dobi, na hakujali.

Mzee alisimama. Alikwenda kwenye meza ya vifaa, akachagua nyundo, akaipima uzito mkononi. Aliamuru Patasi afunguliwe mikono, ikandamizwe yote miwili juu ya meza ya chuma.

"Unaandika kwa mkono gani?"

Patasi alielewa. Mkono ulioandika usingeandika tena. Cheti, kidogo au kikubwa, kingebaki hapo hapo mezani. Alitaka kudanganya, lakini hofu ilishamla akili.

"Wa kulia," alisema.

Nyundo ilishuka juu ya mkono wa kushoto. Patasi alisikia vidole vyake vikisagika kabla hajasikia maumivu, kisha akalia mpaka sauti ikamkauka. Macho yalipomrudia, Mzee alikuwa ametoa miwani mfukoni na kuivaa. Alimsogezea karatasi na kalamu.

"Waandikie watu wa vyeti sasa hivi kwamba ulikosea. Zile nyumba za bondeni chukua, ni zako, ondoka nazo hata leo, sitakufuata." Alipangusa damu kwenye karatasi kwa mkono wa shati. "Lakini ghala ufute. Ghala nilishawaambia niliongoza mimi, na mtihani wangu ni Jumanne."