Mtu-Kobe Langoni

Zawena alimweka kobe wake wa udongo mezani, nje ya lango la boksi la mji wa mchezo. Tangu ahamie mji huu, hiki ndicho kikundi cha kwanza kumkaribisha kwenye mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika.

"Dada, huyu ni mchezaji au kitoweo?" aliuliza Shebe, ambaye siku zote alicheza mbilikimo mwenye shoka.

"Ni mtu-kobe. Wamo kwenye kitabu kipya cha mchezo."

"Kitabu hicho kina hata watu-sungura. Kesho tutavamiwa na kachumbari."

Meza nzima ilicheka. Zawena naye alijilazimisha kucheka.

Bi Mwatumu, msimulizi wa mchezo, alikuwa na sharti moja: mhusika mgeni haingii mjini mpaka mwenyeji amfungulie lango. "Mvua imeanza," alisimulia. "Mgeni yuko nje. Nani anafungua?"

Zawena aliuvuta mkoba wake karibu, tayari kuondoka.

Shebe akamsogeza mbilikimo wake hadi langoni.

"Wewe," aliuliza kwa sauti nzito ya kibilikimo, "hilo gamba linawakinga watu wangapi na mvua?"

"Wawili," alisema Zawena. "Wakibanana."

Shebe hakucheka. Kidole chake kilikuwa juu ya komeo la lango, kijiti cha kiberiti, na kijiti kilianza kuteleza, lango likifunguka.